Kubandua mbao bandia kwenye dashibodi ya Premio bila kuharibu plastiki ya chini

Mwana_Mikindani

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa mafundi wa ndani ya gari, hasa mlioko huku Mtwara na Lindi mnaolijua jua letu.

Gari ni Toyota Premio ya 2003. Imepambwa kwa mbao bandia za kubandika, zile zenye gamba linalong'aa juu kama kioo. Vipande viko 13: kimoja kikubwa kinazunguka redio na vitufe vya AC, vinne vya matundu ya hewa, kimoja cha gia, vinne vya swichi za madirisha, viwili vidogo karibu na usukani na kimoja kirefu upande wa abiria. Milango ya mbele ina mistari ya kromu, nayo ya kubandika.

Jua limepasua gamba, kingo zimeinuka na zinachana vidole. Nataka vyote vitoke, ibaki plastiki ya kijivu ya chini. Mtaani mmoja kanishauri petroli, mwingine kasema tina ya kuchanganyia rangi. Draya ya saluni ninayo, na ile mashine ya hewa moto ya mafundi tinti naweza kuazima. Nianze na nini? Na hicho cha upande wa abiria kimekaa jirani kabisa na mfuniko wa eabegi (mfuko wa hewa wa ajali), kinanitia wasiwasi.

KlipuNaSkrubu

Mkuu, kabla hujapasha chochote, jua kipi kimebandikwa na kipi kilikuja na gari. Premio nyingi zimetoka kiwandani na mbao bandia zao, na hizo hazibanduliwi: ni paneli nzima yenye sura ya mbao, imeshikwa na klipu kwa nyuma. Ukianza kuikata utaiharibu bure. Pitisha ukucha ukingoni. Cha kubandika kina ngazi, ukucha unapanda milimita moja au mbili, na mara nyingi kinaishia katikati ya plastiki. Cha kiwandani kinafika mpaka kwenye mwanya kati ya paneli na paneli, na ngazi hakina. Inatokea pia kwamba mtu amebandika mbao juu ya mbao, kwa hiyo ukikuta mbao nyingine chini ya ile ya kwanza, simama hapo.

Jambo la pili, paneli inayoweza kutoka itoe ukafanyie kazi mezani. Ya redio, ya gia na za swichi za milango zinatoka. Kagua skrubu zilizofichwa kwanza (chini ya kikombe cha majivu, nyuma ya kifuniko kidogo cha mpini wa mlango), halafu ingiza kijiti bapa cha mwanzi au kadi ya plastiki ya zamani na uinue karibu na klipu, usiinue katikati ya paneli. Bisibisi iliyofungwa kitambaa bado ni bisibisi, itaacha tundu. Soketi za swichi zina ulimi: bonyeza ulimi, vuta soketi yenyewe, usivute waya. Soketi za njano ni za eabegi, hizo usiziguse kabisa.

Paneli ikishakuwa tupu, haina swichi wala waya, iloweke kwenye beseni la maji moto. Changanya maji yaliyotoka kuchemka na ya bomba nusu kwa nusu, utapata kama nyuzi 60. Dakika kumi zinatosha, gundi inalegea sawasawa pande zote, kitu ambacho draya haiwezi kukifanya. Usiimwagie maji yanayochemka. Paneli nyembamba inajikunja kidogo tu, hata macho hayaoni, lakini ukienda kuirudisha klipu hazikutani tena na matundu yake.

Kuhusu eabegi: zima gari, toa ufunguo, chomoa waya wa hasi kwenye betri, kisha ngoja. Toyota wanataka angalau sekunde 90. Wewe ngoja dakika tano, haupotezi kitu. Ukirudisha betri, saa itakuwa imejifuta, na kioo cha dereva kinaweza kusahau kupanda chenyewe. Kipandishe mpaka juu na uendelee kushikilia swichi sekunde chache.

Mshipi05

Naongezea kwenye kubandua kwenyewe, kwa sababu watu wengi wanaharibu hapo.

Gari lako lina gundi za aina mbili. Mbao bandia zimeshikwa na gundi nyembamba kama ya stika, haina unene wowote wa kusema. Mistari ya kromu imeshikwa na dabo tepu yenye sponji ndani, unene wake karibu milimita moja. Hizi mbili hazitolewi kwa njia moja.

Zote zinalegea kwa joto. Unatafuta nyuzi 50 hadi 60. Plastiki ya dashibodi huanza kulegea karibu na 90 au 100, kwa hiyo nafasi ipo, ila si kubwa. Draya ya saluni inatosha kabisa. Ile mashine ya mafundi tinti inatoa hewa ya nyuzi mia kadhaa. Sekunde nne tu mahali pamoja, vinyweleo vya plastiki (ule ukwaru wake wa juu) vinalainika, unapata doa linalong'aa ambalo halifutiki. Mwenye mkono mzoefu aitumie, wewe iache.

Draya iwe sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye kipande, uipeleke huku na huku dakika moja na nusu mpaka mbili. Kipimo ni mkono: weka kiganja juu ya kipande. Ukiweza kukishikilia sekunde tatu hivi kabla hujautoa, joto linatosha. Ukiruka mara moja umepitiliza, acha ipoe kidogo. Ukiweza kukaa hapo na kupiga hadithi, bado.

Umeme ukikatika, jua la Mtwara ni draya tosha. Egesha gari dashibodi ikitazama jua, vioo vyote juu, kuanzia saa sita mpaka saa nane mchana. Fanya kazi ukiwa umefungua milango, ukianza na vipande vilivyo juu maana ndivyo vyenye moto. Vya milangoni na vya gia jua halivifikii vizuri. Hivyo chukua mfuko wa nailoni usiovuja, tia maji ya moto, funga barabara, ulalie juu ya kipande dakika tano. Usijaribu kuchomeka draya kwenye kile kigeuza umeme cha tundu la sigara, hakina nguvu hiyo, utaunguza fyuzi.

Mbao bandia. Inua kona moja kwa kadi ya plastiki, kiasi cha kushika kwa vidole. Kisha vuta taratibu ukiikunja nyuma juu yake yenyewe, iwe karibu sambamba na dashibodi, usivute kuja kifuani kwako. Mwendo uwe wa kuchosha: milimita moja kwa sekunde. Ukienda taratibu gundi inaondoka pamoja na kipande. Ukivuta kwa nguvu gundi inabaki yote chini, na kazi inakuwa mara mbili. Ukisikia mlio wa kupasuka, simama, pasha tena. Gamba la zamani likipoa ni gumu kama kaki, linavunjika vipande vyenye ncha kali, na mara nyingine gamba linatoka huku karatasi ya rangi ya mbao ikibaki imenata. Ikitokea hivyo usianze kukwangua. Ipake mafuta (nitayasema chini), yaloweke, ndipo uisukume na kadi.

Kromu. Hapa usivute kabisa. Tafuta mshipi wa kuvulia wa nailoni, unene milimita 0.4 au 0.5, hapa kwetu hakuna duka la vifaa vya uvuvi litakalokuambia haupo. Kata sentimita 60, funga kila ncha kwenye kijiti kifupi ili usikate vidole. Ulowanishe kwa maji ya sabuni, uingize nyuma ya kona ya kromu, na ukate kwa kupeleka kulia na kushoto kama msumeno, ukiuegemeza upande wa kromu na si upande wa mlango. Mshipi unapata moto na kunata, kisha unakatika. Ukiona unazidi kuwa mzito ongeza maji ya sabuni. Mita tano zinatosha kromu zote mbili na akiba.

Milango ya mbele kuna la kuangalia. Kama kromu imebandikwa juu ya ile sehemu laini ya leza (ngozi) na si juu ya plastiki ngumu, punguza joto. Leza nayo imebandikwa kwa gundi kwenye ubao wa mlango, na gundi ile inalegea kwa joto hilohilo. Ukivuta, leza inakuja pamoja na kromu na inaacha kifuko cha hewa ambacho fundi wa viti atakitazama na kutikisa kichwa.

Kifuatacho ni mabaki ya gundi. Gundi ya sponji: kata iliyo nyingi kwa kijiti cha mwanzi, inayobaki isugue kwa dole gumba ikiwa bado ina uvuguvugu, inajikunja vidonge vidonge. Gundi nyembamba: bandika kipande cha selotepu pana juu yake, kandamiza, nyofoa kwa ghafla. Gundi inapenda gundi kuliko plastiki. Rudia na kipande kipya kila mara. Iliyogoma ipake mafuta ya nazi, vijiko viwili vya chakula vinatosha gari zima, funika kwa nailoni ili yasikauke, subiri dakika 20 hadi 30, sugua kwa kitambaa laini. Mwezi wa saba asubuhi mafuta ya nazi yanaganda hata huku pwani, yapashe kwanza. Kwenye vinyweleo vya plastiki tumia mswaki laini. Usiguse na chuma cha kusugulia sufuria.

Mwisho osha kwa maji na sabuni ya vyombo, kausha, halafu pitisha spiriti kutoa ute wa mafuta. Spiriti ijaribu kwanza sehemu iliyofichika, kama chini ya droo: mwaga kidogo kwenye kitambaa cheupe, sugua mara kumi. Kitambaa kikitoka na rangi ya dashibodi, acha, maliza kwa sabuni tu. Na spiriti isifike kabisa kwenye ile plastiki angavu ya mbele ya mishale ya spidi, inaweka nyufa ndogo kama za utando wa buibui.

Gia_ya_Tatu

Mnazungusha bure. Petroli kidogo kwenye kitambaa, dakika mbili gundi imeisha. Hayo mambo ya mafuta ya nazi ni ya jikoni.

Mshipi05

Gundi inaisha kweli, sibishi. Tatizo ni vingine vinavyoisha nayo. Plastiki iliyobanwa na klipu au skrubu ina mkazo ndani yake, na petroli ikiingia hapo inafungua nyufa pembeni ya skrubu. Huzioni leo, utaziona paneli ikipasuka ukiitoa mara ya pili. Na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa chini miguuni ndani ya gari. Mtu ana draya yenye waya mwekundu wa moto mkononi! Ukitaka kitu cha haraka, mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa yanafanya kazi ileile taratibu zaidi, ukishazima draya na milango ikiwa wazi. Ubaya wake ni harufu, itakaa kwenye viti siku tatu nne. Tina ndiyo usiifikirie kabisa: inayeyusha plastiki ya dashibodi papo hapo, inabaki alama ya kidole chako kama kwenye ugali. Dawa ya kufuta rangi ya kucha yenye asetoni ni ndugu yake.

Dawa za kupuliza za kulegeza kutu nazo zinatoa gundi vizuri. Pulizia kitambaa, usipulizie dashibodi. Ukipulizia moja kwa moja inaingia kwenye vitufe vya AC, na vumbi likishakutana nayo humo ndani vitufe vinakuwa vizito.

KlipuNaSkrubu

Nakazia hapo kwenye vumbi. Gari la huku, hasa linalopanda Newala, lina vumbi jekundu limejaa kwenye kila mwanya. Kabla ya kusugua chochote, vuta vumbi kwa mashine au brashi laini, futa kwa kitambaa chenye maji. La sivyo utakuwa unapiga msasa dashibodi yako mwenyewe bila kujua, na kwenye plastiki nyeusi inayong'aa mikwaruzo hiyo haifichiki.

Kile cha abiria: kazi ileile, lakini draya kidogo tu, hewa moto ya mafundi tinti hapana, na usiinue kwa kitu kigumu kwenye mstari wa mfuniko wa eabegi. Mstari ule umefanywa dhaifu makusudi ili upasuke. Usimwage kimiminika kikaingia ndani yake. Paka kwa kitambaa kilichokamuliwa. Kama sehemu ya kipande imelalia juu ya mfuniko wenyewe, hicho ndicho cha kutoa kabla ya vyote, maana eabegi ikifunguka kitaruka kuelekea usoni mwa aliyekaa pale. Kwa sababu hiyohiyo usibandike kingine mahali pale baadaye.

Mwana_Mikindani

Shukrani sana wakuu. Vipande 11 vimetoka. Paneli ya redio na ya gia nimeziloweka, kipande cha redio kimetoka kizima kama ngozi ya ndizi. Kromu zimetoka kwa mshipi, zilikuwa kwenye plastiki ngumu.

Vimebaki viwili vya swichi za milango ya nyuma. Vimegoma. Nimepasha mara tatu, kona haiinuki. Pembeni naona kitu kigumu cheupe kama chumvi iliyoganda, si gundi laini kama kwenye vile vingine.

RangiMsasa

Hiyo ni supa gluu. Kipande kiliinuka zamani, mtu akakirudisha kwa supa gluu. Ule weupe ni mvuke wake ulioganda pembeni.

Habari mbaya kwanza: kinachoyeyusha supa gluu ni asetoni, na asetoni inaanza na plastiki yako kabla ya kuifikia gundi. Kwa hiyo dawa ya kumimina haipo. Mafuta ya nazi na mafuta ya taa hayaifanyi kitu.

Habari nzuri ni kwamba supa gluu ni ngumu na haipendi kupindwa wala kugongwa. Gundi laini unaitoa kwa joto. Hii nenda nayo kwa baridi. Toa paneli, ifunge kwenye nailoni isiingie unyevu, weka kwenye friza saa moja. Ikitoka, isimamishe juu ya taulo lililokunjwa, ingiza ncha ya kijiti kigumu cha mwanzi chini ya kona na upige nyuma yake mapigo madogo kwa mpini wa bisibisi. Mara nyingi inaachia kwa mlio mkavu. Mapigo yawe mepesi na mengi, maana plastiki nayo ikiwa baridi inavunjika. Gamba la mbao likivunjika acha livunjike, hilo unalitupa. Vaa miwani tu.

Ikikataa kwa baridi, mshipi mwembamba wa milimita 0.25 kutoka upande ambao gluu haijafika, ukate mpaka ufike kwenye gluu, kisha urudi kwenye friza. Madoa ya gluu yakibaki pale, hakuna kuyafuta, ni kuyapunguza kwa msasa wa maji: namba 800, kisha 1200, kisha 2000, ukilowanisha kila mara na kusugua kwenye doa tu. Hapo vinyweleo vya plastiki vitaondoka na patakuwa laini. Paneli ya swichi ya mlango wa nyuma ni ndogo, ipeleke kwa fundi rangi: praima ya plastiki kwanza, ndipo rangi ya kijivu isiyong'aa. Praima ya kawaida ya bati itabanduka kama ganda ndani ya miezi michache.

Au tafuta paneli ya swichi ya nyuma iliyotumika. Kwa kitu kidogo namna hiyo, ukijumlisha msasa, praima na muda wa fundi, mimi ningetafuta ya kutumika.

Mwana_Mikindani

Cha kushoto kimeachia baada ya friza, kimeacha madoa mawili. Cha kulia kimevunjika vipande lakini paneli yenyewe ni nzima.

La mwisho: pale zilipokuwa mbao plastiki ni nyeusi zaidi kuliko kwingine, umbo lote la kipande linaonekana. Nimesugua kwa sabuni, haiondoki. Ni gundi?

Mshipi05

Pitisha kidole. Kikinata ni gundi, rudia mafuta ya nazi. Kama hakinati na maji yanatanda sawa pote, si uchafu. Hiyo ndiyo rangi ya kweli ya dashibodi yako. Iliyofifia ni ile nyingine iliyokaa juani miaka yote. Huwezi kuisugua ikalingana, maana palipo sawa ndipo unapopasugua.

Dawa ya kulainisha dashibodi inapunguza tofauti kwa kuweusisha ile iliyopauka. Chagua ya maji isiyoacha ung'avu, paka kwa sponji mara mbili, siku mbili tofauti. Zile za silikoni zenye mafuta zinang'aa siku ya kwanza, kisha zinakamata vumbi, na siku ukitaka kupaka rangi paneli hiyo rangi itakimbia kama maji kwenye jani la mgomba. Kwa paneli ya redio ambayo tayari inatoka, kupaka rangi yote upya ni kazi ya mchana mmoja. Upande wa abiria, karibu na eabegi, usipake rangi. Weka dawa tu, na uwe unaegesha chini ya mkorosho.

RangiMsasa

Chini ya mwembe, mkuu. Mkorosho wakati wa mabibo unadondosha utomvu juu ya boneti, na huo kuutoa ni mada nyingine.